Fenesi Kwenye Chungu cha Mbuzi

Pepper Gully,
Saint Mary,
Jamaika.

Jumanne, 14 Agosti 2018

Mpendwa mdogo wangu Linval,

Pokea salamu zangu na za Baba, ingawa zake amezitoa kwa kutikisa kichwa tu, maana leo ameamka amenuna. Hali yako huko Birmingham? Ule mgongo uliokulaza mwezi wa sita umekuachia? Claudette bado anafanya kazi za zamu? Na Tamika ameshapata majibu ya mtihani wake? Nawaombea ninyi nyote kila jioni, na nikisahau jioni nawaombea asubuhi nikiwasha jiko.

Sisi huku tunapumua. Baba anapumua, mimi napumua, na cherehani inahema kutushinda sote. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, na wazazi wa Pepper Gully wamekumbuka juzi kwamba watoto wao wamekua. Nina suruali za kaki zimelala kwenye kochi, sketi za buluu zimelala kitandani kwangu, na mimi mwenyewe nalala palipobaki.

Najua ulipoishika bahasha hii ulifikiri kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Ila simu, kama unavyojua, inakaa kwenye kijimeza cha Baba, na nikiongea na wewe anaacha hata redio ili asikilize. Haya niliyo nayo siwezi kuyasema huku ananitazama. Kwa hiyo kaa chini, soma polepole, na ukimaliza usimpigie mpaka umefikiri.

Mvua imetukimbia tangu Juni. Tangi liko robo, na lori la maji linakuja siku linayojisikia. Parachichi zimeanguka zikiwa ndogo. Mti wa aki tu ndio haujali, unazaa matunda yake mekundu kama kawaida.

Pipa lako lilifika salama. Asante kwa mchele, kwa sabuni, na kwa lile gauni, ingawa umesahau kwamba mimi sina tena umbo la mwaka 1990. Makopo ya nyama ya ng'ombe na yale ya samaki wa chumvi nimeyapeleka kanisani yakagawiwa. Usikasirike. Au kasirika kidogo, halafu endelea kusoma.

Ulikuwepo hospitalini mwezi wa Januari. Ulimsikia daktari kwa masikio yako akisema kwamba kiharusi hiki cha Baba kilikuwa cha kwanza na cha pili hakitapiga hodi. Nyama asiguse, mafuta ya nyama asiguse, kitu cha chumvi asiguse, iwe cha kopo au cha pipa. Wewe ndiye uliyenishika bega ukaniambia, "Dada, utaweza." Siku ya tisa ukapanda ndege. Basi nimeweza, Linval, miezi saba nimeweza, na sasa nimechoka hoi.

Kumlisha mtu mwingine majani ni kazi. Kumlisha baba yetu, Mas Ferdie, majani ni adhabu. Huyu ni mtu aliyepika mbuzi kwenye kila harusi na kila matanga ya hapa kwetu kwa miaka arobaini na moja. Watu walikuwa wanauliza kwanza Mas Ferdie yuko huru tarehe gani, ndipo waende kwa mchungaji. Kile chungu chake cha chuma, mawe matatu nyuma ya nyumba, wanaume wamekizunguka kama wanalinda benki, na sisi wanawake tunatupiwa kazi ya wali na kuambiwa tusisogee, eti tukipita karibu mchuzi unapoa. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyeambiwa nimpikie mchicha.

Aliyeniokoa ni Ras Neftali, yule Rasta jirani yetu wa ng'ambo ya bonde. Unamkumbuka. Hajala kitu chenye damu tangu 1975, na chumvi ya dukani haiingii kwake. Kwenye kila karamu alikuwa anakuja na kibuyu chake na kiazi kikuu chake cha kuchoma, anakaa upande ambao moshi wa mbuzi haumfikii, na Baba anamcheka mbele ya watu. Nilimwendea kwa aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza.

"Mwambie Mas Ferdie nimemwekea kiti miaka arobaini," akasema. "Amechelewa tu. Njoo kesho, dada, na kisu kikali."

Yeye ndiye aliyenifundisha fenesi. Unachukua fenesi changa, lile ambalo halijapata harufu wala utamu. Unapaka mafuta mikononi na kwenye kisu, la sivyo utomvu unakugandisha vidole na hutoki hapo. Unachemsha, unatoa kiini, unachambua nyuzi moja moja kwa mkono mpaka zifanane na nyama iliyoiva. Kisha unaloweka na vitunguu vya majani, tangawizi, kitunguu saumu, mbegu za pimento zenye harufu kama karafuu, na pilipili mbuzi, unaacha mpaka kesho yake. Halafu ndiyo uanze kupika. Kwa mbuzi mwenyewe hata huhangaiki hivyo.

Na sikuishia kwenye fenesi. Nilipika aki bila samaki wa chumvi, nikaweka ua la mgomba lililochemshwa na kuchambuliwa likae kama samaki. Nilipika maharage mekundu ya tui na madonge ya unga, na pale ambapo ungetia mkia wa nguruwe nikatia shelisheli lililochomwa kwenye kuni, ili angalau moshi uwepo. Nilikaanga bilingani nikazimwagia siki, karoti na vitunguu kama samaki wa Ijumaa Kuu. Nyingine zilikuwa tamu, sioni haya kusema. Zile bilingani nilikula vipande sita nikiwa nimesimama.

Baba alikuwa anakula kwa uma mara tatu, basi.

"Vero, hiki nini?"

"Mchuzi wa bizari, Baba."

"Wa nini?"

"Wa fenesi."

"Basi mpelekee Neftali, ndiye mwenye ndevu za kulifichia."

Anainyunyizia pilipili ya chupa mpaka sahani inakuwa nyekundu, anaonja tena, anaisukuma. Nabadilisha, anasukuma. Naongeza tui, anasukuma. Mkanda wake nimeutoboa matundu mapya matatu tangu Pasaka. Nikimsaidia kuvaa shati nahesabu mbavu zake bila kutaka.

Halafu inakuja simu yako ya Jumapili. Nikiwa jikoni namsikia: "Linval mwanangu, huyu dada yako ananiua kwa majani." Na wewe unacheka na kumwambia, "Mwambie akupe mbuzi, Mzee, ni haki yako." Wewe ndiye mtoto mwema, unayetuma pipa. Mimi ndiye askari jela. Haya yote niliyameza. Lakini mwezi wa saba uliomba uongee na mimi, ukaniambia, "Dada, unamnyima baba yetu chakula." Neno hilo lilinikaa kifuani kama mwiba. Siku ile nilishona sketi tatu na zote nikazikunja pindo upande usio wake.

Sasa nikuambie kilichotokea Jumapili iliyofuata.

Bertram, yule aliyejifunza upishi kwa Baba na ambaye sasa ndiye anayeitwa kwenye karamu zote, alipika mbuzi kwenye harusi ya mjukuu wa Sista Eulalee. Jumapili mchana akapita hapa na bakuli limefunikwa kitambaa. Hufanya hivyo kila mara, kwa heshima ya mwalimu wake. Na kila mara mimi humshukuru, nafunga mlango, na bakuli linatokea nyuma kwenda kwa jirani kabla Baba hajanusa. Angalau nilidhani angenusa.

Siku ile sikulipeleka popote. Nilitoa mifupa yote, kama nesi alivyoagiza asije akapaliwa. Nikaichambua nyama nyuzi nyuzi, jinsi ninavyochambua kila anachokula tangu upande wake wa kushoto ulegee. Nikaiweka juu ya wali wa maharage na sikusema kitu. Nilikuwa na hasira, Linval, sitakuficha. Nilijisemea moyoni, haya, na ale, na likimpata la kumpata Linval aje azike. Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyofikiri, na sinia nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu miwili.

Alichukua uma, akatafuna. Akanyunyizia pilipili, akatafuna tena, taratibu, ametega kichwa kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa mbali. Mara ya nne akauweka uma chini.

"Vero."

"Naam, Baba."

"Hili fenesi lako linazidi kuwa baya. Bora lile la wiki iliyopita."

Niliondoka na sahani. Jikoni nikatia kidole kwenye bakuli la Bertram. Ilikuwa mbuzi. Ilikuwa mbuzi wa Baba yule yule tuliyekula utoto mzima, maana Bertram habadilishi kitu hata kidogo. Nikakaa kwenye gunia la mchele wako na kidole bado kiko mdomoni.

Kesho yake nikampikia uji wa mahindi. Sikutia sukari, sikutia kungumanga wala tui. Maji na unga tu, chakula cha kuku. Alikunywa karibu nusu bakuli.

"Uko sawa uji, Baba?"

Akafikiri kidogo. "Sukari umezidisha leo," akasema. "Lakini si mbaya."

Alikuwa anabahatisha. Mtu aliyekuwa anaonja mchuzi na kukuambia tangawizi imetoka shamba gani, alikaa mbele yangu na bakuli mapajani anabahatisha sukari. Sikuweza kumtazama. Nilijifanya naokota kijiko.

Nilivumilia siku mbili. Jumatano nikachukua kigoda, nikakaa karibu na miguu yake na suruali ya mtoto wa watu mapajani, ili mikono iwe na kazi. Nikamuuliza, "Baba, tangu lini?"

Hakuniuliza tangu lini nini. Aliitazama sindano mpaka nikamaliza mguu mmoja wa suruali.

"Tangu hospitali," akasema. "Nikadhani ni chakula cha hospitali, nani asiyejua chakula cha hospitali. Nikaja nyumbani, nikadhani ni mapishi yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa naomba iwe mapishi yako, Vero."

Nililia, ndugu yangu, na yeye akanipapasa kichwa kwa ule mkono mzima kama nilikuwa mtoto. Miezi saba mimi nimepigana na fenesi liwe mbuzi, na yeye amepigana na ulimi wake, tukikaa meza moja kila mtu anamlaumu mwenzake. Harufu nayo imeondoka. Kitu pekee kinachomfikia ni pilipili, na hiyo anasema si ladha, ni moto tu. Ndiyo maana chupa ilikuwa haikai wiki. Nilimwambia daktari, akasema inatokea kwa wengine, huenda ikarudi na huenda isirudi. Baba akaniapisha nisimwambie mtu, na zaidi ya wote Bertram, kwa sababu Bertram ndiye aliyeshika mwiko wake.

Utauliza, basi kwa nini usimpe mbuzi kama hawezi kutofautisha? Nami nilijiuliza. Lakini moyo wake unatofautisha, na mishipa yake inatofautisha. Angekufa kwa kitu ambacho hata hakukisikia mdomoni. Hapana. Ila sasa lilibaki lile lile, kwamba mtu asiyesikia ladha hana hamu, na asiye na hamu anapungua. Nilikuwa sijui nifanye nini, na nguo za watu zilikuwa zinanisubiri.

Jumamosi akaniambia nitoe chungu.

"Chungu gani?"

"Kuna vingapi?"

Kilikuwa chini ya banda, kimefunikwa gunia, na buibui wamejenga humo. Nilikisugua kwa mchanga na maganda ya limau mpaka mabega yakaniuma. Nikayapanga mawe matatu nyuma ya nyumba, nikambeba Baba na kiti chake, yaani nikavuta kiti na yeye akajaribu kusaidia kwa mguu mmoja. Ras Neftali akatokea na fenesi begani, ameuona moshi.

"Mas Ferdie! Leo umeingia kanisani kwangu."

"Funga mdomo wewe, shika kuni. Na usiimbe."

Mimi nikaweka tui kwenye chungu, nikachukua bizari nitie humo, kama Neftali alivyonifundisha, maana yeye mafuta ya kukaangia hayataki.

"Wewe!" Baba akapiga kelele. Linval, sauti ile sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana. Kuku walikimbia. "Nani anachemsha bizari? Ondoa hayo maji ya nazi! Bizari inachomwa kwanza, na mafuta, yenyewe, mpaka ibadilike rangi!"

"Mafuta ya nazi kijiko kimoja tu, Baba, daktari alisema—"

"Kijiko kimoja kinatosha kwa anayejua. Na wewe Neftali, miaka arobaini umekula bizari mbichi?"

"Nimekula kwa amani, Mzee."

"Umekula mbichi kwa amani."

Nikachoma bizari. Nikasema imeiva, akasema bado. Nilishangaa anajuaje, kwa macho yale yenye ukungu na pua iliyokufa. "Nasikiliza," akasema. "Sasa inalia. Ikianza kunong'ona, tia fenesi." Na kweli, iliponyamaza kidogo nikatia, na harufu iliyopanda hapo ilimfanya Neftali avue kofia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimesimama kwenye kile chungu, mwanamke, na mchuzi haukupoa.

Kisha akaanza kuniuliza. Onja, sema. Pilipili iko? Iko. Iko wapi, mdomoni au kooni? Kooni. Tia tangawizi, onja tena. Chini ya ulimi unasikia nini? Uchachu kidogo. Huo ni utomvu, hukuchemsha vya kutosha, tia viazi, vitaunyonya. Ulimi wangu uliungua, jasho lilinitoka mpaka miguuni, na jioni ile sikushona hata kifungo. Lakini nilipompa sahani alikula yote. Akaomba nyingine. Ladha hakuisikia, alisema, lakini alijua kila kitu kilichomo, na hilo lilimtosha. Tangu siku hiyo hajasukuma sahani tunayopika pamoja. Ile ninayopika peke yangu bado anaisukuma, kwa hiyo sasa kila chakula tunapika wawili, na kupika na Baba ni kazi kubwa kuliko kumpikia.

Ndiyo hali yenyewe. Anaongezeka, na mimi naisha.

Sasa kuhusu sherehe yako ya Desemba. Bertram ameshamwambia Baba kwamba umetuma neno, mabeberu wawili, hema, watu wote wa Pepper Gully, Mas Ferdie anatimiza themanini na tano na yeye ndiye atakayefungua chungu. Najua umelifikiria kwa upendo. Lakini unajua kufungua chungu kwetu ni nini. Mpishi mkubwa anaonja mbele ya wote, anasema kilichopungua, kinatiwa, anaonja tena, kisha anagonga ukingo wa chungu kwa mwiko mara mbili ndipo bakuli zitembee. Nilimuuliza atafanyaje. Akasema, "Nitaonja na kusema ni tamu. Watakula hata kama imeungua, maana ni mimi niliyesema." Alisema hivyo akitazama mikono yake. Baba yetu, ambaye aliwahi kumwaga chungu kizima mbele ya bwana harusi kwa sababu ya chumvi, anajiandaa kusema uongo siku ya kuzaliwa kwake.

Kwa hiyo nakuomba uwaondoe hao mabeberu. Mwambie Bertram wewe mwenyewe. Sema huko Uingereza umeacha nyama, umekuwa mtu wa majani. Hapa watu wataamini chochote kuhusu Uingereza. Sema unataka karamu ya fenesi. Watacheka, Neftali atatamba mwezi mzima, na hakuna atakayemtaka Baba ahukumu kitu ambacho hawajui kinatakiwa kuwa na ladha gani. Hema lete, keki lete. Hilo ndilo ombi langu.

Lile jingine si langu, ni lake. Mimi mpaka juzi nilikuwa nimekubali kukaa na siri hii peke yangu.

Jumapili tulipika tena. Moto ulikuwa mzuri, fenesi lilikuwa zuri, nami nilikuwa nimeonja mpaka sihisi midomo. Akaniuliza, "Iko kama yangu?"

"Iko kama yako kabisa, Baba."

Akatikisa kichwa. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Utajuaje, Vero? Wewe hujawahi kuonja yangu kwenye mwiko, ikiwa motoni, kabla haijatiwa cha mwisho. Ulikuwa unaletewa kwenye sahani, imeshapoa. Mimi ndiye niliyewakataza." Akatazama kuni. "Linval ndiye aliyekuwa anaonja. Kila chungu, tangu hajaota meno ya mbele. Mwandikie. Usimpigie, mambo haya sitaki kuyasikia yakisemwa. Mwambie aje asimame hapa, aonje kwenye mwiko, aniambie kama ni yangu, kabla na yeye hajasahau."

Basi nimekuandikia.

Msalimie sana Claudette, na mwambie sabuni ile ya waridi naitunza kwa ajili ya kanisa. Wasalimie Tamika na Andre, waambie shangazi yao bado anajua vipimo vyao kwa kichwa. Ras Neftali anakusalimu. Sista Eulalee anakusalimu na anauliza kama kweli huko mnakunywa chai na maziwa wakati wa joto. Baba hajakutumia salamu nyingine zaidi ya zile za kutikisa kichwa.

Mungu akulinde njiani, akupe ruhusa kazini, na akutunzie kinywa chako mpaka utakapofika.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata siku nilizokukasirikia,

Verona